Pima Mfereji Wako kwa Ndoo

Mkulima wa bonde la Kafubu, mfereji mzuri haujulikani kwa wingi wa maji mwanzoni, bali kwa maji yafikayo shamba la mwisho. Tangu Mei hata Septemba mvua ni haba sana. Maji yakipotea njiani, lengalenga na tomati za jirani yako zitakauka, na ugomvi utaingia kijijini.

Basi fanyeni hivi. Siku ya kupima, mtu asifungulie shamba lake maji. Ziba mfereji kwa udongo, maji yote yapite katika bomba fupi. Kinga ndoo ya lita 20, ukitazama saa. Ikijaa kwa sekunde 10 mwanzoni, na kwa sekunde 20 mwishoni, nusu imepotea. Zibeni nyufa, ng'oeni majani, kisha pimeni tena.