Chandarua Hakizai Kunguni

Huko vijijini tunasikia maneno haya: "Tulipopewa vyandarua, kunguni nao wakaja." Wengine wamevitoa vyandarua kitandani, wakazungushia banda la kuku au bustani ya mchicha. Watoto wao wanalala wazi. Kunguni bado wapo, na mbu nao wanaingia. Kunguni anakuwasha na kukunyima usingizi. Mbu anakuletea malaria, na malaria inaua watoto.

Basi hebu kwanza tumjue kunguni mwenyewe. Ni mdudu bapa, mwenye rangi ya kahawia. Akikomaa ana urefu wa milimita 5 hivi. Hana mabawa ya kurukia, na harukiruki kama kiroboto. Anatambaa tu. Mchana anajificha kwenye viungo vya kitanda, kwenye kamba, kwenye pindo za godoro na kwenye nyufa za ukuta. Usiku anafuata joto na pumzi ya mtu aliyelala. Ananyonya damu kwa muda wa dakika 5 hadi 10, kisha anarudi mafichoni. Jike anataga mayai meupe madogo na kuyagandisha huko huko. Penye joto mayai yanaanguliwa kwa siku 6 hadi 10.

Yai la kunguni linatoka kwa kunguni. Halitoki katika nyuzi za chandarua. Kunguni anaingia nyumbani kwa kubebwa: katika mzigo wa msafiri, katika godoro kuukuu la mnadani, katika mkeka wa kuazima. Sasa kwa nini tunamwona kwenye chandarua? Kwa sababu pindo la chandarua nalo ni maficho mazuri, tena karibu na chakula chake. Ukikikung'uta, anaanguka mbele ya macho yako. Alikuwamo kitandani siku nyingi, ila hukumwona. Tena dawa ya chandarua, au ile inayopuliziwa ukutani, inamkera akatoka shimoni mwake. Watu wakiona hivyo wanasema ati wapuliziaji wamewaleta.

Lakini tusiwacheke wanaolalamika. Wameona jambo la kweli. Katika vijiji vya Muheza, mkoa wa Tanga, watu walianza kutumia vyandarua vyenye dawa, na kunguni wakatoweka. Baada ya miaka kadhaa wakarudi. Wataalamu waliwapima kunguni wale, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walikuta kwamba kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo hawafi upesi kwa dawa kama wenzao wa vijiji visivyovitumia. Wafugaji mnalijua jambo hili kwa kupe. Ukiogesha ng'ombe kwa dawa moja miaka mingi, kupe dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana. Mwisho unaogesha na kupe wanakutazama tu. Ndivyo ilivyo kwa kunguni. Chandarua hakikuwaleta, ila dawa yake imeshindwa kuwamaliza. Lakini hata dawa ikipungua nguvu, chandarua kisichotoboka bado ni ukuta kati ya mtoto na mbu.

Wengine wanaogopa kwamba kunguni anaambukiza UKIMWI. Hapana. Hakuna aliyeonekana kuupata kwa njia hiyo. Malaria pia haletwi na kunguni. Kuhusu homa ya ini aina ya B, huko Gambia nyumba zilipuliziwa dawa na kunguni wakapungua, lakini watoto waliopata homa hiyo hawakupungua.

Halafu kuna aibu. Watu wanasema kunguni ni wa mtu mchafu. Kunguni hali uchafu, anakula damu, na damu ya mtu safi ni ile ile. Aibu hii ndiyo inayomfanya mtu anyamaze, huku kunguni wakihamia kwa jirani kwa raha zao.

Tafadhali, usipulizie kitandani dawa ya pamba wala ya mahindi. Sumu ile unailalia usiku kucha, na mtoto mchanga anaivuta. Mafuta ya taa nayo kwenye godoro, karibu na kibatari, ni moto unaosubiri.

Fanya hivi. Toa kitanda nje, weka watoto mbali, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo, kwenye mashimo ya tendegu na kwenye kamba. Chemsha mashuka na nguo zinazohimili. Godoro liweke kwenye jua kali, lakini jua peke yake halitoshi, maana kunguni watakimbilia upande wa kivuli. Kwa hiyo ligeuze mara kwa mara, sugua pindo zake kwa brashi, na uwaue wanaotoka. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo. Chandarua usikichemshe, utaharibu dawa yake. Kikung'ute nje, kifue taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kianike kivulini, kisha ukirudishe kitandani jioni hiyo hiyo.

Baada ya siku 10 rudia kazi yote, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Na kama wewe na jirani mna ukuta mmoja, panganeni siku, mfanye pamoja.