KUPITIA SI KUREKEBISHA

Aghalabu barua ya ofisi ifikapo kijijini hubeba neno moja lililostahili maelezo ya ukurasa mzima. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Uru, juu ya mji wa Moshi. Chama kimepeleka masharti yake wilayani, nayo yanarejea na agizo la Kiingereza pembeni: "revise". Katibu afanye nini? Akifungua kamusi atakuta kupitia, kudurusu, kusahihisha na kurekebisha, kana kwamba yote ni ndugu wa tumbo moja.

Hata kidogo. "Review" ni kupitia: kusoma na kutoa maoni, herufi isiguswe. "Proofread" ni kusahihisha makosa ya chapa, kazi ya katibu na kalamu yake. "Revise" ni kugeuza yaliyomo. Na masharti ya ushirika hayageuzwi ila kwa azimio la mkutano mkuu. Katibu aliyedhani ametumwa kunyoosha tahajia huenda akafuta haki ya mwanachama pasipo mwenyewe kuulizwa. (Waingereza nao wametuzidishia taabu: kwao mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani husemwa kwa neno hilo hilo, ilhali anadurusu tu.)

Wakubwa hawakusalimika. Sheria ya mwaka 2011 iliyoweka Tume ya Katiba iliitwa kwa Kiingereza ya "review". Kwa Kiswahili ikawa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Kupitia na kubadili ni safari mbili, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao mambo ya Muungano yanawagusa moja kwa moja, wana haki ya kujua wamealikwa katika ipi. Tunapongeza Toleo la Mwaka 2023 la sheria za nchi, lililozinduliwa Aprili 2025, kwa kutumia neno urekebu. Urekebu hukusanya na kupanga yaliyokwisha kupitishwa. Marekebisho ni kazi ya Bunge.

Kiswahili kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa lugha sanifu ni cha Unguja, na mkulima wa Uru aliyelelewa kwa Kichaga amekipokea kwa imani. Yafaa basi maofisa, wa bara na wa visiwani, waandike kitenzi cha Kiswahili pembeni mwa waraka, na chini yake wataje mwenye idhini ya kuugusa: katibu, kamati, au mkutano mkuu.