Namna Mwenye Imani ya Ugonjwa Anavyofikiri

Tuseme mzazi anafika shuleni, anamwambia mwalimu kwa utulivu kwamba kengele ya shule hugongwa ili kuwajulisha adui zake mahali alipo. Mwalimu aliye mgeni kazini huharakia kumwonyesha ratiba. Mzazi huitazama, kisha husema: "Kumbe hata saa mmekwisha pangiwa, mwalimu." Hoja iliyokusudiwa kuivunja imani imegeuka ushahidi wake. Wengi hukata shauri hapo hapo kwamba mtu huyo hafikiri. Sisi twasema kwamba anafikiri, tena yatupasa kujua namna anavyofikiri kabla hatujafungua kinywa.

Tarehe 1 Julai 1959 mwanasaikolojia Milton Rokeach aliwakutanisha wagonjwa watatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Kila mmoja aliamini kuwa yeye ndiye Kristo. Rokeach alitaraji kwamba wakikutana imani zao zingetikisika, kwa kuwa Kristo hawezi kuwa zaidi ya mmoja. Wagonjwa waliikubali kanuni hiyo, ila kila mtu aliielekeza kwa wenziwe. Mmoja alieleza kwamba wale wawili hawakuwa hai, bali mitambo iliyomo ndani yao ndiyo iliyosema. Mwingine alisema kwamba wenziwe ni wagonjwa wa akili, na kuwapo kwao hospitalini kwatosha kuthibitisha hayo. Kuwapo kwake mwenyewe humo hakukuhesabu. Miaka miwili ya mabishano haikumponya hata mmoja. Rokeach alifikia hata kuwaandikia barua za uongo, na katika toleo la baadaye la kitabu chake alikiri kwamba hakuwa na haki ya kuyachezea maisha yao hivyo.

Mantiki, basi, ilikuwapo. Tatizo liko wapi? Mwaka 1988 watafiti Huq, Garety na Hemsley wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio ambalo wanachuo waweza kulifanya kwa maharage. Pana mitungi miwili: mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine, wa pili una kinyume chake. Mitungi hufichwa, na mtu huonyeshwa shanga moja moja kutoka mtungi mmoja mpaka aseme ni upi. Wagonjwa wenye imani za namna hii waliamua baada ya kuona shanga chache kuliko watu wengine. Majaribio mengi yaliyofuata yalionyesha vivyo hivyo, ingawa si kwa kila mgonjwa.

Lakini tupige hesabu. Shanga mbili za kwanza zikifanana rangi, anayeamua hapo atakuwa sahihi mara 97 hivi katika 100. Kwa hiyo si ujinga. Ni wepesi wa kutosheka. Nasi tusijitenge nao mno: ni walimu wangapi humwita mtoto mzito wa kuelewa baada ya majibu mawili tu? Tofauti ni kwamba sisi, kwa kawaida, jibu la tatu laweza kutugeuza. Kwa mgonjwa, hofu huifunga njia ya kurudi, na kila jipya huingizwa katika maelezo ya zamani.

Mwaka 1952 daktari Aaron Beck wa Marekani aliandika habari za mgonjwa aliyeamini kwamba anapelelezwa. Beck hakushindana naye. Alimrudisha nyuma hadi wakati imani ilipoanza, kisha akamtaka awachunguze kwa makini wale aliowashuku, mmoja mmoja. Imani ilififia polepole.

Mwalimu si daktari, wala hatumtaki aigize. Hata hivyo aweza kuiweka ratiba kando, amkaribishe mzazi kiti, amwulize: "Jambo hili ulianza kulitambua lini, mzee wangu?" Asiseme kwamba anaamini habari ya kengele, wala asimcheke. Asikie hofu yake na usingizi anaoukosa, maana hayo ni kweli tupu. Na kwa hayo aweza kumshauri, pamoja na ndugu zake, waende zahanati.