Mgeni Aliyepewa Jembe
Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wajapani waliofika Moshi walilipokea. Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa ushirikiano na nchi yao ulikamilika, ukiyaongoza maji ya mito Njoro na Rau hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, Japani iliwaita nyumbani vijana wake wa kujitolea waliokuwa nchi za nje, Tanzania ikiwamo. Tarehe 12 Aprili safari za ndege za kimataifa za abiria zikasitishwa nchini. Katika kila familia iliyoishi ugenini swali lilikuwa moja: tubaki au turudi? Abakiye huwawaza wazazi walio mbali. Arudiye huiwaza kazi aliyoiacha na majirani waliomzoea.

Lakini, ndugu msomaji, mpunga haungoji ndege. Kusia mbegu kitaluni, kupanda kwa mistari na kugawana maji kwa zamu yalikwisha kuwa maarifa ya wakulima wenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya mgeni mwema: aondokapo ghafla, kazi haiondoki naye.