Nguva ni binamu ya ndovu!

Ukibahatika kwenda Siyu, kisiwani Pate, nenda maji yakijaa. Mlango wa kuingilia mji huo umezungukwa na mikoko, na maji yakipwa chombo hukwama topeni. Ukikwama usinung'unike. Bahari hii ya Lamu ni miongoni mwa sehemu chache za Kenya ambako nguva amekuwa akionekana, na mwili wa nguva ni kitabu kizima kuhusu mageuko ya viumbe.

Wengi wetu tulisimuliwa utotoni kwamba nguva ni nusu mtu, nusu samaki. Hata nusu samaki si kweli! Nguva ana mapafu, hivyo ni lazima aibuke juu kuvuta pumzi. Hunyonyesha mwanawe. Tena mtazame anavyoogelea: papa huyumbisha mkia kushoto na kulia, lakini nguva huupiga juu na chini.

Sasa njoo kwenye mifupa. Ndani ya kila pezi la mbele mna mifupa ya mkono, pamoja na vidole vitano. Huko nyuma, ambako hakuna mguu wowote, kuna vifupa vidogo vya nyonga vilivyozama katika nyama. Nyonga ya nini kwa mnyama asiye na miguu?

Jibu lilichimbuliwa mbali, nchini Jamaika. Mwaka 2001 mtaalamu Daryl Domning alitangaza mifupa ya mnyama aliyeishi miaka ipatayo milioni 50 iliyopita, akampa jina Pezosiren. Alikuwa na mbavu nene na nzito kama za nguva, lakini alisimama kwa miguu minne. Huko Misri nako kumepatikana masalio ya nguva wa miaka kama milioni 40 iliyopita, ambao miguu yao ya nyuma ilikuwa imenywea.

Jamaa zake ni nani?

Ng'ombe na mbuzi wana kiwele kati ya miguu ya nyuma. Nguva ana matiti karibu na makwapa, na ndovu vivyo hivyo. Pembe za ndovu, zile zilizochongwa siwa mashuhuri ya Pate iliyomo katika makumbusho ya Lamu, kwa hakika ni meno ya mbele. Nguva dume naye huota meno ya namna hiyo.

Uchunguzi wa DNA umethibitisha undugu huo na kuwaongeza pimbi na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Mwaka 1998 wataalamu waliliita kundi hilo Afrotheria, kwa kuwa chimbuko lake ni Afrika. Ajabu ni kwamba sange wakubwa wamo papa hapa bara ya Lamu, katika msitu wa Boni na Dodori.

Tafadhali usiende kusimulia kwamba ndovu alijitosa baharini akawa nguva. Ni binamu, babu yao alikuwa mnyama mwingine aliyekwisha kutoweka.

Mimba ya nguva huchukua zaidi ya mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Akinaswa na jarife hawezi kuibuka, na yale mapafu aliyorithi nchi kavu ndiyo humponza: hufa maji kama mtu. Siku hizi ni nadra sana kuonekana Kenya. Ukifika Siyu, mwamkie mvuvi mzee, kisha umwulize mara ya mwisho alimwona lini.