Chumvi iliyojificha kwenye magadi ya kiungulia

Nunua kibonge cha magadi sokoni Kibaoni, Ifakara, kisha kikamulie ndimu. Papo hapo kitatoa povu kana kwamba kinachemka. Tindikali ya ndimu imekutana na kaboneti, na mapovu yale ni hewa ya ukaa. Tumboni mwa mtu anayekunywa maji ya magadi ili atulize kiungulia hutokea jambo hilohilo, ila huko tindikali ni haidrokloriki, inayotengenezwa na tumbo lenyewe.

Wakishacheua na kupata nafuu, wengi huona yameisha. Hayajaisha. Magadi asilia, kama ya Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni madini yaitwayo trona, na mlinganyo wake ukisawazishwa husomeka hivi:

Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O + 3HCl → 3NaCl + 4H₂O + 2CO₂

Hesabu mwenyewe. Sodiamu tatu kushoto, tatu kulia. Haidrojeni nane kwa nane. Oksijeni nane kwa nane. Mwanafunzi anayesawazisha hubadili tarakimu za mbele tu. Zile ndogo za ndani haziguswi, maana ukigusa moja umeshataja kitu kingine kabisa.

Sasa tazama ile 3 iliyo mbele ya NaCl, yaani chumvi ya mezani. Kwa uzito, gramu 226 za trona safi huacha gramu 175 hivi za chumvi. Anayekunywa gramu 3 tu, ambazo hazijazi kijiko cha chai, ameingiza mwilini sodiamu sawa na ya gramu 2.3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na huyu bado hajala wali wake na samaki. Mwenye presha ndiye ninayemhofia zaidi: chumvi ameiacha kwa agizo la daktari, lakini magadi anakunywa, na maharage yake yamelainishwa kwa magadi hayohayo.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti hufanya kazi ileile bila sodiamu:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Kalsiamu moja hushika klorini mbili, ndiyo maana HCl zinahitajika mbili.

Lakini kiungulia kinachorudi kila wiki, au kinachoambatana na choo cheusi, kutapika damu au chakula kukwama kooni, hakitaki magadi wala kidonge cha kujinunulia. Kinataka vipimo, na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko iko hapohapo Ifakara.