Sura ya 6: Matunzo Yanapoliwa na Bei

Hadi mwaka 2009, sheria ya Tanzania ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Zilipoandikwa zilikuwa fedha. Sheria ya Mtoto ilipokuja kuifuta, mama angeweza kuzimaliza kwa nauli ya kufuata fedha zenyewe mahakamani.

Amri za matunzo baada ya talaka nazo zina ugonjwa huo. Hakimu anapima uwezo wa mzazi na mahitaji ya watoto, kisha anaandika, tuseme, shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwaka wa tano zitakuwa ngapi? Mara nyingi amri haisemi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza fahirisi ya bei. Chukua fahirisi ya sasa, igawe kwa ile ya mwezi wa amri, kisha zidisha kwa kiasi kilichoamriwa. Kama ilikuwa 105 na leo ni 126, jibu la kugawa ni 1.2, na 200,000 zinakuwa 240,000. Anayeendelea kupewa 200,000 anapokea thamani ya kama 166,700 za siku ile. Hakikisha tu fahirisi zote mbili zina mwaka mmoja wa msingi. Ofisi hiyo ilipohamia msingi wa 2020, namba za zamani hazikuweza tena kugawanywa na mpya hivihivi.

Wengi hujumlisha asilimia za mfumuko wa bei za kila mwaka. Asilimia 4 kwa miaka mitano si 20, ni 21.7, kwa sababu kila mwaka hupanda juu ya mwaka uliotangulia. Na mtalaka akikuambia mfumuko umeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3, kwa hiyo matunzo yapungue, mkatalie: bei bado zinapanda, ila polepole.

Fahirisi, hata hivyo, hupima soko, haipimi mshahara wa mlipaji. Ndiyo maana nyongeza haiji yenyewe. Lazima uombe mahakama ibadilishe amri, ukionyesha hali imebadilika, na mfuko wake utaangaliwa pia. Kama bado mko kwenye makubaliano, andikeni humo fahirisi mtakayotumia na mwezi wa kupitia kiasi kila mwaka, kabla hakimu hajasaini.